Viatu Kwenye Ngazi za Hekalu

Sajini Kwamboka alivua buti zake mlangoni kwa Bi Shemsa, akazisogeza ukutani karibu na viatu vya majirani waliokaa chumba cha nyuma, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba soksi yake ya kushoto imetoboka. Kidole gumba kilichungulia nje bila aibu. Alikuwa amekuja kumbana mtu kwa maswali, na mtu hakuogopi sana akiwa anaona kidole chako. Lakini nyumba ya Mzanzibari huingii na viatu, hata uwe polisi, hata uwe na haraka kama aliyokuwa nayo yeye asubuhi ile.

Haraka yenyewe ilikuwa hii. Makungu, mume wa Bi Shemsa, alipotea Guangzhou, Uchina, Jumamosi alasiri. Leo ilikuwa Jumatano. Alikuwa na miaka sitini na moja, na kisukari kilichomlazimu kujidunga insulini asubuhi na jioni. Sindano zake zote zilikutwa hotelini ndani ya begi, hazijaguswa. Daktari aliyeulizwa na polisi hakutaka kutaja ni siku ngapi mtu wa namna hiyo anaweza kukaa bila dawa. Alisema tu kwamba angekuwa yeye, angetafuta upesi.

"Karibu mwanangu," alisema Bi Shemsa. Alikuwa amejifunga khanga mbili na sweta la mumewe juu yake. Macho yalikuwa mekundu, lakini nywele alikuwa amezichana na chai ilikuwa tayari mezani, kwa maana polisi naye ni mgeni.

Kwamboka alikuwa na mazoea ya kuangalia miguuni kabla ya kuangalia usoni. Kwenye kibao cha viatu paliwekwa makubadhi ya kiume, ya ngozi, yamechakaa vizuri.

"Haya ni ya nani?"

"Ya mwenyewe Makungu. Ya Ijumaa hayo." Bi Shemsa aliokota moja, akamwonyesha ndani, kwenye kisigino. Palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha. "Kila akenda kuswali hurudi na viatu vya watu. Mara kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Nikamwambia, mie n'takutia alama kama mbuzi wa mnadani. Viatu vyake vyote nimevitia." Alitaka kucheka, akashindwa. Akalirudisha kubadhi mahali pake, akalipangusa kwa ncha ya khanga ingawa halikuwa na vumbi. "Yu hai, mwanangu?"

"Sijui, Bi Shemsa. Hilo ndilo nimekuja kutafuta. Bwana Haidari ameshafika?"

"Yumo ndani tangu saa moja. Hata jana, alipotoka kituoni, alipitia hapa. Maskini, hajala vizuri naye."

Haidari alikuwa mshirika wa Makungu kwa miaka ishirini na miwili, na ndiye mtu wa mwisho kumwona. Walinunua vipuri vya magari Uchina na kuviuza kwenye magereji ya Birmingham, Uingereza, walikoishi. Ghala lao lilikuwa Washwood Heath, kati ya maghala mengine mia yanayofanana. Haidari ndiye aliyekuwa na maneno, Makungu ndiye aliyekuwa na ujuzi. Kabla ya biashara, Makungu alifanya kazi miaka kumi na mitano kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge, upande wa breki. Bi Shemsa aliwahi kumweleza Kwamboka kwamba mumewe hapandi teksi bila kwanza kuinama kuangalia magurudumu.

Maelezo ya Haidari, aliyoyatoa kituoni jana mara aliposhuka ndege, yalikuwa kurasa nne, na Kwamboka alikuwa ameyasoma mpaka karatasi zikalegea. Jumamosi walimaliza shughuli mapema. Makungu akashikilia kwamba leo lazima akalione hekalu la Sanyuan, la Watao, wafuasi wa dini ya jadi ya Wachina, la kale mno, lililo juu ya ngazi ndefu karibu na hoteli wanayofikia kila mwaka. Haidari hakupenda kuingia penye sanamu, akabaki chini. Makungu akavua viatu kwenye ngazi, kama wote walioingia, akapanda. Haidari akavilinda viatu vya mwenzake visichanganywe na vya watu, maana vilikuwa vingi. Saa nzima ikapita. Akapanda kumtafuta, hamuoni. Alipogeuka kutazama chini, kijana mmoja wa pikipiki anaondoka na viatu vya Makungu. Nyuma ya hekalu pana kilima na miti. Bila shaka sukari ilimpanda, akatoka kwa nyuma, akapotea.

Basi polisi wa Guangzhou walikuwa na siku nne wakipekua kilima. Tangazo lao lilisema: Mwafrika, mzee, miguu mitupu.

Majibu yaliyokuja yalikuwa matatu tu, na Kwamboka mwenyewe alikuwa ameyachuja jana jioni. La kwanza lilihusu kijana wa miaka thelathini. La pili, mtu mwenye pasipoti ya nchi nyingine. La tatu lilitoka hospitali moja ya Foshan, mji wa jirani: mzee asiyejulikana jina, amepokelewa Jumamosi jioni hajitambui, amevaa shati jeupe na viatu vya kahawia. Pembeni yake Kwamboka alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Ana viatu, tena mji mwingine. Si wetu.*

Na kulikuwa na jambo moja dogo ambalo halikukaa popote. Konstebo Kamaljit, mwenzake wa kazi, alipita ghalani Washwood Heath akakuta maboksi mia tano ya pedi za breki, mapya, yamepigwa chapa ya kampuni ya Kiingereza. Yote matupu. Kamaljit aliuliza kwa nini mtu anayeagiza mzigo Uchina aweke maboksi matupu Uingereza yakiungojea. Kwamboka alijibu kwamba yeye anatafuta mtu, hatafuti maboksi.

Haidari aliinuka alipomwona. Alikuwa mnene kidogo, nadhifu, mwenye ndevu zilizokatwa kwa uangalifu. Alikuwa amevaa soksi nyeusi, mpya, zisizo na tundu. Kwamboka alizionea wivu.

"Afisa, kuna habari?"

"Bado. Kaa, Bwana Haidari. Nataka unisaidie kitu." Aliegemeza simu yake kwenye chupa ya chai. "Wale askari wa kule hawajui Kiswahili, na wewe hujui Kichina. Nimechoka na hii story ya kupitia mkalimani wa mkalimani. Kuna mama mmoja Mkongo anaishi huko miaka tisa, anasafirisha mizigo. Rosine wa kanisani kwetu ndiye alinipatia namba. Yuko pale kwa hekalu sasa hivi. Wewe utamwongoza, hatua kwa hatua, vile mlifanya Jumamosi."

"Sasa hivi?"

"Kwetu ni saa mbili na robo asubuhi. Kwao ni saa kumi na robo jioni. Wanakaribia kufunga."

Haidari alijimiminia chai. Kikombe kilikuwa tayari kimejaa, chai ikamwagikia kisahani. "Alhamdulillahi," alisema. "Wazo zuri."

Simu ililia, na uso wa mwanamke wa makamo ukajaa kwenye kioo, kilemba cha kitenge kichwani, nyuma yake magari yakipita.

"Allô, Mama Polisi? Unaniona? Mi niko hapa chini ya ngazi. Faut faire vite, haraka, batafunga."

"Nakuona, Mireille. Geuza kamera. Bwana Haidari, ndio hapa?"

Ngazi za mawe zilipanda kutoka ukingo wa barabara, wima, mpaka kwenye lango la kale lenye maandishi pande zote mbili. Haidari alisogea mbele.

"Ndipo hapa hapa. Ngazi hizi hizi."

"Mlisimama wapi?"

"Hapo kulia. Ngazi ya pili, ya tatu hivi."

"Mireille, simama hapo. Na viatu viliwekwa wapi?"

"Hapo hapo. Vilijaa, afisa, mpaka watu wanaviruka."

"Vya watu wangapi, kwa kukadiria?"

"Aa! Thelathini. Arobaini. Jumamosi, siku ya mapumziko."

Kwamboka aliandika: *arobaini*. Kwenye kioo ngazi zilikuwa tupu, zimelowa mvua. Mama mmoja alipita akipanda, mwavuli mkononi, mtoto mkononi, akaenda zake juu. Haidari aliona Kwamboka anatazama.

"Leo Jumatano," alisema. "Watu hawapo."

"Kweli. Haya Mireille, panda."

Mireille alipanda akihema na kuhesabu kwa Kifaransa. Alipofika arobaini aliacha kuhesabu akaanza kumwita Mungu. Kwamboka alishika simu mkononi ili aone vizuri, na kwa kufanya hivyo kioo kikamgeukia yeye peke yake. Haikuwa hila wakati huo. Mwanga wa dirishani ulikuwa unapiga kwenye kioo, basi.

"Iko na kizingiti," alisema Mireille. "Mrefu. Unapaswa kuinua mguu, hapana kukanyaga juu yake, ni adabu yao."

Kamera iliinama, na Kwamboka akaona mguu wa Mireille ukivuka kizingiti cha mbao. Ulikuwa umevaa raba ya njano.

Kwa ndani palikuwa na ua. Moshi wa vijiti vya ubani ulipanda kutoka kwenye chetezo kikubwa cha chuma. Watu wachache walikuwa wamesimama mbele yake, kila mmoja na vijiti vitatu mikononi, wakiinama mara tatu. Yule mama wa mwavuli alikuwepo, na buti za mvua. Kijana mmoja alikuwa na raba nyeupe. Mzee wa hekalu alipita, joho la buluu iliyokolea, nywele amezifunga fundo utosini, na miguuni viatu vya kitambaa, vyeusi. Akaingia navyo moja kwa moja kwenye ukumbi wenye sanamu, mbele ya mungu wao, akatengeneza taa, akatoka.

Kwamboka aliitazama miguu yote iliyokuwa uani: hapakuwa na mmoja mtupu.

Hasira zake za kwanza alijielekezea mwenyewe. Kwao Kisii alikwenda kanisani kwa Wasabato na viatu kila Jumamosi ya maisha yake ya utoto; viatu ndivyo vilivyokuwa vinang'arishwa kwa ajili ya kanisa. Lakini miaka kumi na miwili ya Birmingham ilikuwa imemfundisha vingine. Msikitini unavua. Hekalu la Wahindu unavua. Gurudwara, hekalu la Masingasinga kina Kamaljit, unavua, na viatu vyako vinapewa namba kama mizigo ya uwanja wa ndege. Mtu akisema alikwenda mahali pa ibada ya watu wa mashariki akavua viatu, nani Birmingham atamuuliza kwa nini? Kamaljit alisoma maelezo yale hakuona ajabu. Bi Shemsa hakuona ajabu. Na yeye, ambaye kazi yake ni kuona ajabu, alizimeza kurasa zote nne.

Lakini kujua si kuthibitisha. Alinyanyua kikombe, akanywa chai taratibu, na kidole gumba chake akakificha chini ya meza.

"Bwana Haidari, uliingia mpaka ndani kumtafuta?"

"Mpaka ndani."

"Ulikuwa unaogopa sanamu."

"Nilikuwa naogopa zaidi kumpoteza rafiki yangu."

"Kweli. Na wewe ulivua viatu?"

"Nilivua. Dini ya mtu uiheshimu."

"Sakafu ilikuwa baridi?"

"Hapana. Wameweka mazulia. Mekundu. Safi kabisa, wallahi, unaona haya kukanyaga."

Kwenye kioo, Mireille alikuwa ameelekeza kamera chini bila kujua. Sakafu ilikuwa ya mawe, imelowa, na majivu ya ubani yamegandamana kwenye maungio.

"Vizuri sana," Kwamboka alisema, na akaandika: *mazulia, mekundu*. "Mireille, unanisikia? Nitakuuliza swali, ujibu kwa sauti. Miguuni umevaa nini?"

"Mimi? Raba yangu."

"Hujaambiwa uvue?"

"Nivue sababu gani?" Mireille alicheka. "Hapa hakuna mutu anavua viatu, ma sœur. Batu bote banaingia navyo, hata padiri yao. Nimekuja hapa mara mingi na wateja. Hata Jumamosi, hata siku ya sikukuu yao. Ukivua, batafikiri uko na kidonda."

Haidari alikuwa ameshika kikombe hewani, hanywi wala hakiweki chini.

"Makungu alivua," alisema hatimaye. "Ndivyo alivyo. Mtu wa heshima. Watu wengine wafanye watakavyo, yeye alivua."

Jibu halikuwa baya. Kwamboka alikubali moyoni kwamba kama mtu huyu angelisema hivyo tangu jana, angelikwenda nyumbani kwake salama. Alifungua faili, akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili.

"Hapa jana ulisema, 'akavua kama wote walioingia.' Ukasema ulikaa kuvilinda visichanganywe na vya watu. Leo, dakika kumi hazijaisha, umeniambia watu arobaini. Arobaini, Bwana Haidari. Nani aliwavua hao arobaini?"

"Labda ni—"

"Usiniambie labda. Hukupanda hizo ngazi. Sijui kama ulizipita na teksi ama uliziona kwa simu ya mtu, lakini hukupanda. Mlikuwa wapi Jumamosi?"

"Afisa, mie mtu mzima. Nimechanganyikiwa, sijalala—"

"Haidari."

Aliyeita hakuwa Kwamboka. Bi Shemsa alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mikate ya kumimina. Haikujulikana amesimama pale tangu lini. Aliiweka sahani juu ya meza kwa uangalifu, akakaa kwenye mkono wa kochi, karibu naye mno.

"Lile hekalu alilitamani miaka yote," alisema. "Nilikuhadithia mie mwenyewe, hapa, ramadhani iliyopita. Kwamba anataka kuona kile kisima cha yule mganga wa kike wa zamani. Ukacheka." Sauti yake haikupanda. "Haidari, umemwacha wapi mume wangu?"

Haidari alimtazama Kwamboka, akamtazama tena Bi Shemsa, na Kwamboka akajua kwamba kama angekuwa peke yake na mtu huyu, angehitaji siku mbili. Bi Shemsa alihitaji nusu dakika.

"Foshan," alisema Haidari.

Mireille kwenye simu alitoa sauti ndogo.

Yakatoka vipande vipande. Kulikuwa na ghala Foshan, na ndani yake pedi za breki za bei ya chini, zilizotakiwa kuja kuingizwa kwenye maboksi ya Washwood Heath. Alimpeleka Makungu kwa sababu saini zao zinahitajika zote mbili. Makungu alichukua pedi moja, akaikwaruza kwa ufunguo wa chumba, ikamomonyoka mkononi. Akakataa. Wakagombana tangu asubuhi mpaka alasiri, bila chakula, bila sindano. Makungu alikuwa akisema gari za watu, watoto wa watu. Kisha akaanza kutetemeka na kuongea ovyo, akaanguka.

"Ukaita ambulensi," alisema Kwamboka.

"Ingekuja na polisi. Wangeona mzigo." Haidari alijifuta uso kwa kiganja. "Dereva wa pale akasema atamfikisha hospitali. Nikampa pesa. Pasipoti yake nilikuwa nayo mie, kwenye mkoba, nimeisahau, wallahi nimeisahau. Jumapili nikampigia dereva, simu haipatikani."

"Na hekalu?"

"Kontena linapakiwa melini leo usiku, saini yake nimeitia mie. Nilitaka siku nne tu. Wamtafute mahali pengine siku nne, halafu ningesema. Nilikuwa nitasema, shemeji."

"Siku nne," alirudia Bi Shemsa, kama anayejaribu neno la lugha ngeni.

Kwamboka hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa amelifikia jibu la tatu kwenye faili, na wino wake mwekundu ulikuwa unamtazama. *Ana viatu, tena mji mwingine. Si wetu.* Mtu huyu alipamba uongo wake kwa jozi ya viatu, na viatu hivyo vikamfuta Makungu kwenye orodha ya watu wanaotafutwa. Hospitali iliandika tangu Jumatatu. Ilisema, tunaye mzee hapa. Na Guangzhou wakajibu, na yeye Kwamboka akakubali, kwamba wetu ni yule asiye na viatu. Aliona aibu iliyomfanya asikie masikio yakiwaka.

"Mireille, nakutumia namba ya simu ya hospitali na namba ya faili ya mgonjwa. Wapigie. Waulize kama yule mzee bado wako naye. Na waambie wapige picha ya viatu vyake. Ndani, si nje. Ndani kwa kisigino."

"Ndani?"

"Ndani. Tafadhali, haraka."

Kisha akampigia Kamaljit kituoni. Kwa Kiingereza kifupi alimwambia aje hapa Shard End, nyumbani kwa Bi Shemsa, na gari, afunge lile ghala la Washwood Heath, na atafute ni nani wa kuzungumza naye bandarini Uchina kabla ya usiku wa kule, ambao ulikuwa umebakiza saa chache tu. Kamaljit aliuliza kama ni kwa sababu ya yale maboksi. "Ndiyo," Kwamboka alijibu. "Ulikuwa sahihi jana. Utanisimanga baadaye."

Wakangoja. Dakika tano. Saba. Mikate ya kumimina ilipoa bila mtu kuigusa. Mvua ilianza nje, na huko mlangoni mwanamke mmoja wa jirani alisikika akivua viatu, akabisha hodi. Bi Shemsa hakuitika, na yule mwanamke akaelewa, akaondoka. Kwamboka alikuwa amekaa na watu wengi katika kungoja kwa namna hii, na alijua kwamba wakati mwingine simu inalia ili ikuambie umechelewa kwa siku moja. Siku hiyo moja ingekuwa ya kwake, aliyoiandika kwa mkono wake.

Haidari alisema, "Shemeji, mie—"

"Nyamaza."

Simu ilitetemeka mezani. Ilikuwa picha. Viatu viwili vya kahawia, vya kufunga kamba, ndani ya mfuko wa plastiki uliofunguliwa, na mkono wenye glavu ukikikunjua kimoja kuelekea kwenye taa. Kwamboka aliikuza kwa vidole viwili. Alimpa Bi Shemsa simu.

Bi Shemsa aliitazama muda mrefu. Nukta ilikuwa imefifia upande mmoja kwa kukanyagwa, lakini ilikuwa nyekundu.

"Hii niliitia sikukuu ya mwisho," alisema. "Ilinimwagikia. Unaona? Imechuruzika kidogo hapa." Akaanza kulia waziwazi, bila kujifunika.

Mireille alirudi hewani. Safari hii alikuwa nje ya lango la hekalu, ameketi juu ya ngazi.

"Mama Polisi, sikia. Banasema alifika Jumamosi jioni, dereva alimwacha mulangoni, akakimbia. Sukari ilikuwa juu sana. Siku mbili hakujua kitu. Figo haiko muzuri, banamfanyia dawa. Lakini tangu jana anafungua macho. Anaongea, tu hakuna mutu anasikia luga yake."

"Yu hai," alisema Bi Shemsa.

"Yuko hai, mama. Infirmière, nesi wao, anatembea na simu kwenda kwa kitanda yake. Ungoje. Usikate."

Bi Shemsa aliishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akageukia ukuta. Kwamboka aliona ni adabu kutazama kwingine. Gari la Kamaljit lilikuwa limesimama nje, taa zinawaka kwenye mvua.

"Twende, Bwana Haidari."

Haidari alitembea mbele yake mpaka mlangoni. Hakubisha, wala hakuuliza anashtakiwa kwa nini. Palikuwa na viatu vingi pale chini, vya majirani, vya kike na vya kiume, na mtu huyu aliyeingia katika nyumba ile kwa miaka ishirini na miwili alisimama akitazama bila kuviona vyake. Mwishowe akaingiza mguu kwenye makubadhi yaliyokuwa kibaoni.

"Hayo yaache."

Bi Shemsa alikuwa amemfuata mpaka barazani, simu bado sikioni. Kwenye simu ilisikika pumzi ya mtu, na kitu kama kikohozi. Haidari aliganda na mguu mmoja ndani ya kubadhi.

"Yaache, Haidari," alisema. "Yana mwenyewe."